Gari Linaishia Hapa





Katika jiji letu la Mwanza, mtu anayetafuta nyumba ya kupanga humwuliza dalali maswali matatu: kodi ni kiasi gani, maji yapo, na je, gari linafika? Swali la kwanza hujibiwa papo hapo. La pili hujibiwa kwa kutaja siku za mgawo. La tatu hujibiwa kwa mkono ulionyoshwa kuelekea bondeni, pamoja na maneno haya: "Linafika mpaka hapo chini." Mgeni husikia neno "linafika" akaridhika. Mwenyeji husikia "hapo chini" akaanza kuhesabu ngazi.

Juma hili napenda tukitafakari kile kipande cha njia kinachobaki kati ya mahali gari linapoishia na mlango wa nyumba. Ni kipande kifupi. Pengine ni mita mia mbili, pengine ni nusu kilomita. Lakini yeyote aliyewahi kuhama katika vilima vyetu, au kurudi kijijini na vyombo vyake vyote baada ya kustaafu, anajua kwamba hapo ndipo fedha huisha, vyombo huvunjika, watu waliokuwa wakitaniana tangu asubuhi huanza kugombana, na mara nyingine mtu huumia. Tunapatana bei ya kilomita sitini za lami kwa makini sana. Zile mita za mwisho tunaziachia bahati.

Wasomaji wasioijua Mwanza wavumilie kidogo niwaeleze. Mji huu umejengwa juu ya mawe. Wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck lililosimama majini, kisha wakaondoka wakidhani wameyaona mawe ya Mwanza. La hasha. Mawe yenyewe yako Mabatini, Igogo, Nyakabungo, Isamilo na Kitangiri, na katikati yake, juu yake na chini yake zimo nyumba. Kila mfuko wa saruji uliozijenga, wenye kilo 50, ulipanda kwa bega la mtu. Mchanga ulipanda kwa ndoo za lita 20. Nondo zilipanda zikiwa zimepindwa, mabati yalipanda kichwani siku isiyo na upepo. Mafundi wa huku huweka bei kwa kutazama juu: nyumba ikiwa karibu na barabara, mfuko hubebwa kwa bei hii, ikiwa nyuma ya jiwe la tatu, kwa bei nyingine. Katika baadhi ya vilima zimejengwa barabara za mawe yaliyopangwa kwa mkono, kazi nzuri kweli, na sasa bajaji na vile vigari vidogo tunavyoviita kirikuu hupanda mahali palipokuwa pa miguu peke yake. Lakini barabara ya mawe nayo ina mwisho wake, na juu ya mwisho huo bado wapo watu wenye makabati na majokofu.

Wabebaji wa vilima hivi wana elimu yao, nami nimejifunza kuiheshimu. Watu wawili wanapopandisha jokofu, mwenye nguvu hukaa upande wa chini, kwa maana uzito wote humlalia yeye. Wanaposhuka nalo, mwenye nguvu bado hukaa chini, ila sasa ndiye anayetangulia, na hutembea kinyumenyume au kwa kuongozwa na sauti ya mwenzake. Jokofu hubebwa likiwa wima kadiri inavyowezekana, na kama lililazwa njiani huachwa lisimame kwanza kabla ya kuwashwa. Kitanda hufunguliwa, na misumari yake hufungwa katika kitambaa na kupewa mama mwenye nyumba, kamwe si mtoto. Kabati la siku hizi, lile la mbao laini, hufunguliwa kwa bisibisi. Kabati la mninga lililounganishwa kwa gundi na vigingi halifunguki, na hilo ndilo huwatia watu majaribuni.

Jambo hili si geni katika ufuko wetu. Tarehe 17 Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo, na tarehe 27 Februari 1875 alifika Kageye, kwenye ghuba ambayo ramani bado zinaiita ya Speke. Miongoni mwa mizigo yake ilikuwamo mashua nzima, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande ili iweze kubebwa. Ilipofika Unguja ilionekana kwamba vipande hivyo ni vizito na vipana mno. Njia za bara wakati huo zilikuwa za mtu kumfuata mwenzake nyuma. Gari la kukokotwa lisingepita, na kipande kipana cha mashua kingenasa katika kila kichaka. Basi seremala akaletwa, akavikata upya, vikawa vyembamba na vyepesi zaidi, kabla msafara haujaondoka pwani. Sina mapenzi makubwa na Stanley, na wasomaji wangu wanajua sababu. Lakini katika hili alifanya lile ambalo wengi wetu hatulifanyi: aliupima mzigo kwa upana wa njia, akiwa bado mahali penye seremala.

Mashua hiyo iliitwa kwa jina la Alice Pike, msichana wa Marekani aliyetarajia kumwoa. Yule binti aliolewa na mtu mwingine mwaka 1876, Stanley akiwa bado porini. Waliozibeba mbao zile kutoka pwani hadi ziwani hawakuandikwa jina lao ubavuni mwa chombo chochote.

Mwishoni mwa mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, tuliowazoea kwa jina la White Fathers, walifika Kageye wakitokea Bagamoyo, nao wakitumia mabega ya wapagazi, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Kila altare, kila kitabu na kila chungu cha dawa kilichoingia nchi hii siku zile kilikuwa juu ya kichwa cha mtu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ulipimwa kabla ya safari. Ujira ulipatanwa kwa nguo, sehemu ikatangulizwa, posho ikatajwa, na mbele yao alikuwapo kirangozi. Sitaki kuipamba misafara ile. Watu wengi walikufa njiani kwa ndui, kwa njaa na kwa risasi, na wengi walitoroka kwa sababu nzuri kabisa. Hata hivyo najiuliza: mpagazi wa mwaka 1878 alijua uzito wa mzigo wake, bei yake na aliyemwajiri. Kijana anayeitwa leo kando ya barabara ashushe kabati anajua lipi kati ya hayo?

Nirudi kwenye siku zetu, maana kuna jambo nililoliona kwa macho yangu.

Mwezi Julai mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu, mjane, aliyenifundisha hesabu nikiwa darasa la tano, alihama kutoka nyumba ya kupanga kilimani Igogo kwenda kwake, kijijini upande wa Magu, nje ya barabara kuu ya Musoma. Nyumba hiyo aliijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja. Aliniomba niandamane naye. "Wewe kaa tu karibu yangu, mwanangu," alisema, "wanaume wakiona mwanamke mzee peke yake bei hupanda." Sikuweza kumkatalia, na kwa kweli nisingethubutu, hata leo akinitazama juu ya miwani nahisi kama sijamaliza zoezi.

Mwalimu alijiandaa kama mtu wa hesabu. Wiki mbili kabla alikuwa amekwenda kijijini, akatembea kutoka barabara ya vumbi hadi mlangoni kwake, akahesabu hatua 640. Alilipima kabati lake kwa futi ya fundi. Alimweleza mwenye gari kwamba mbele ya nyumba kuna korongo lenye daraja la magogo mawili, kisha kipande cha mbuga. Mwenye gari akasema yeye ameshafika vijiji vyote vya kanda hii, hahitaji kuonyeshwa njia. Wakapatana shilingi 220,000 "mpaka nyumbani".

Hapa inanibidi niseme neno juu ya udongo, kwa ajili ya wale waliozaliwa mjini. Katika Usukuma nyumba nyingi hukaa juu, karibu na mawe, mahali penye luseni, udongo wa mchanga usioshika maji. Ukishuka kidogo unakuta itogolo, ardhi ngumu iliyo kama sakafu. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa kunata. Wazee wetu waliyajua haya yote na kuyapa majina zamani sana. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani kule Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la Kilatini, catena, yaani mnyororo, na kwa jina hilo unafundishwa duniani kote. Kwa anayehama maana yake ni hii: barabara huwa upande mmoja wa bonde, nyumba upande mwingine, na katikati lazima uivuke mbuga. Wakati wa masika mbuga humeza lori hadi ekseli. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo gurudumu la toroli huingia lote. Mkokoteni wa ng'ombe hupita miezi mingi kuliko Fuso, na asiyeamini na amwulize yeyote aliyewahi kulala ndani ya Fuso akisubiri trekta. Ndiyo sababu watu wenye busara huhama kati ya Juni na Septemba, na hata hivyo huuliza kwanza.

Kule Igogo kazi ilikwenda vizuri. Vijana sita, shilingi 8,000 kila mmoja, bei iliyotajwa mbele ya mjumbe wa mtaa siku iliyotangulia. Waliujua kila upenyo. Mmoja wao, mfupi kuliko wote, alikuwa hafanyi kitu ila kutangulia na kuimba mahali pa kukanyaga. Saa nne asubuhi tulikuwa njiani.

Saa nane tulikuwa kwenye korongo. Dereva alishuka, akayatazama magogo mawili, akasema: "Mwalimu, gari linaishia hapa."

"Tulipatana mpaka nyumbani," alisema Mwalimu.

"Nyumbani ni pale ninapoweza kugeuza gari."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile, na kila nikilifikiria naona kwamba kwa upande wake lilikuwa kweli. Lori halikuweza kuvuka. Mtu asingeweza kumlaumu kwa kutolitumbukiza korongoni. Lakini alikuwa ameambiwa, na bei aliyoipokea ilikuwa ya mlangoni. Mabishano yalichukua nusu saa. Mwishoni dereva aliwaita vijana watano waliokuwa wakicheza bao kwenye genge, akawaambia: "Shusheni hii mizigo, mama atawapa elfu tatu tatu." Mama mwenyewe hakuwa ameulizwa. Vijana walipanda garini wakaanza kushusha, nao Mwalimu, alipoona godoro lake tayari liko chini, alinyamaza.

Walibeba vizuri mpaka zamu ya kabati. Lilikuwa la mninga, alilotengenezewa na marehemu mumewe, zito kama jeneza la mfalme. Watu wanne walilishika. Hakukuwa na aliyetangulia kuimba njia. Katikati ya magogo mawili, kijana aliyekuwa mbele upande wa kushoto aliteleza, kwa sababu alivaa kandambili na gogo lilikuwa limechongwa laini na miguu ya ng'ombe. Hakuanguka korongoni, namshukuru Mungu. Lakini kona ya kabati ilishuka juu ya mguu wake.

Damu ilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia kutoka kwenye vidole viwili. Bodaboda ilipatikana, na swali likaulizwa kwa sauti ambayo kijana mwenyewe aliisikia: nani atalipa? Dereva alisema, "Mimi ni wa gari. Mambo ya mabega siyajui." Wenzake walisema, "Dereva ndiye aliyetuita." Wote watatu, dereva, wenzake na yule utingo, wakamgeukia mwanamke mzee aliyeketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

Mwalimu aliuliza: "Kwani hili kabati ni la nani?"

Hakuna aliyejibu.

"Basi," alisema, akafungua pindo la kanga yake.

Alitoa shilingi 50,000. Nilijua fedha hizo zilikuwa za nini: zilikuwa za saruji ya sakafu ya choo, kwa maana asubuhi ile tu alikuwa amenihesabia matumizi yote yaliyobaki, moja moja, kama alivyokuwa akituandikia ubaoni. Nilipanda na kijana kwenye bodaboda hadi kituo cha afya. Mifupa ya vidole viwili ilikuwa imevunjika. Mganga alimwambia asibebe kitu kwa wiki sita. Kijana alicheka, si kwa furaha, akasema hana kazi nyingine ila kubeba. Niliporudi korongoni jioni nikaambiwa kwamba dereva, kabla ya kuondoka, alimpa Mwalimu noti ya 10,000 bila kusema neno. Nalitaja hilo ili nisimdhulumu.

Wapendwa, tangu siku ile nimewauliza watu wengi swali lile la korongoni, na majibu yao yamenifundisha kitu. Wenye magari husema ni la mwenye mzigo. Wenye mizigo husema ni la mwenye gari. Vijana husema ni bahati mbaya. Sheria ya nchi inao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na ulioanza kazi mwaka 2015, nao ni jambo jema. Lakini mfuko huo hujazwa na michango ya waajiri, na kijana aliyeitwa kutoka kwenye bao hana mwajiri aliyemchangia hata senti moja. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55. Nani aliyelipima kabati la mninga kwenye korongo? Gari lina bima. Dereva ana leseni. Vyombo vina mwenyewe anayevililia. Mahali gari linapoishia, vyote hivyo vinaishia pamoja nalo, na kazi iliyo ngumu kuliko zote huangukia mikono ya mtu ambaye hakuna anayekiri kwamba alimkodi.

Na ukitaka kujua kwamba haikuwa lazima iwe hivyo, kumbuka vijana wa Igogo. Kilima kile kilikuwa kibaya kuliko korongo. Tofauti ilikuwa kwamba kule kila mtu alijulikana, bei ilitajwa kabla ya mzigo kuguswa, na mjumbe alikuwa shahidi. Wasukuma wa zamani walikuwa na utaratibu wa jambo hili. Vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na mkubwa wao, nsumba ntale, na mwenye kazi kubwa ya kilimo alimwendea yeye. Ndiye aliyepatana malipo na ndiye aliyejibu kwa ajili ya vijana wake. Mtu hakuwaokota watu njiani mmoja mmoja. Siamini kwamba mambo ya kale yote yarudi, ila huyu nsumba ntale namkumbuka kila ninapopita kijiwe cha wabeba mizigo.

Najua baadhi yenu mtaniandikia kwamba haya ni maneno ya wenye nacho. Kwamba maskini huhama usiku kwa mkokoteni mmoja na msaada wa jirani. Ni kweli, na jirani anayebeba bure hafai kuandikiwa mkataba. Lakini hata jirani ana mguu. Mwambieni avae viatu. Jozi ya raba za mtumba ni bei ya soda chache, na mwenye kuhama anaweza kuwa nazo mbili tatu katika gunia lake. Vilevile msikubali bei ya gari kabla dereva, au walau utingo wake, hajatembea kwa miguu kutoka gari litakaposimama hadi mlangoni. Kama hawezi kuja, mtumieni picha za simu za mahali pabaya kuliko pote, si za mahali pazuri. Na mtaje bei mbili, moja ya lami na moja ya mabega, pamoja na jina la atakayewajibika mtu akiumia. Neno "mpaka nyumbani" lisitumike kabisa. Neno hilo nimeliona likigeuka.

Jambo la ujira sitalirefusha. Torati ilikwisha agiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, na ninyi mnaijua. Mwalimu aliwalipa wale wanne waliosalia elfu tano badala ya elfu tatu, na wa tano akamwekea ya kwake. Baadaye nilisikia kwamba alimpelekea debe la mahindi mara mbili katika zile wiki sita. Choo chake kilipata sakafu mwezi Desemba.

Kwa wale wanaohamia visiwani nina neno moja zito zaidi, maana huko kipande cha mwisho ni maji. Vyombo vya nyumba hupakiwa kwenye mtumbwi wa injini hapo mwaloni, na kwa kuwa nauli ya mtumbwi imekwisha kulipwa, familia nzima hupanda na kukaa juu ya magodoro. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Kile kilikuwa chombo cha serikali chenye nahodha na gati. Mtumbwi wa mizigo hauna hata hicho. Basi mzigo uende peke yake na mtu mmoja wa kuulinda, akiwa amevaa jaketi la kuokolea, na watoto wasubiri kivuko, hata kama ni kesho.

Upande wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita tatu hivi juu ya maji, mahali ambapo zamani lori lenye vyombo vya nyumba lilisimama kwenye foleni ya kivuko huku kuku wakifa kwa joto ndani ya tenga. Jamaa yangu mmoja alihamia ng'ambo hiyo miezi michache baadaye. Darajani walipita kwa dakika chache. Kisha wakaiacha lami wakaingia njia ya vumbi, wakaiacha ya vumbi wakaingia ya ng'ombe. Mita mia nne za mwisho ziliwachukua saa tatu. Alikuwa ametangulia huko siku mbili kabla, akafyeka miiba, akajaza shimo moja kwa mawe, akapatana na vijana wanne wa kitongoji mbele ya mwenyekiti wao, na kuwanunulia raba. Jioni alinipigia simu. Nilimwuliza safari ilikuwaje, naye akanisimulia habari za daraja kwa robo saa nzima. Habari za zile mita mia nne ilibidi nimwulize mwenyewe.